Mlango wa Buluu wa Foyer

Vijana wangu, mmeniuliza swali mkidhani ni la useremala. Foyer, ukumbi wetu wa mtaa, ina paa jipya, rangi mpya na bango kubwa la mradi wenu. Kwa nini pale penye mlango pana tundu tupu? Mfadhili wa lango la chuma mmeshampata. Zimebaki sahihi mbili, yangu na ya Papa Dédé, mwenyekiti wa mtaa. Papa Dédé amekataa bila kutoa sababu, nanyi mkahitimisha kwamba amezeeka. Mkaja kwangu, kwa kuwa mimi ni animateur mstaafu, na kazi ya mstaafu ni kutia sahihi na kula biskuti za mkutano. Biskuti nimekula. Sahihi, ngojeni kidogo.

Nilisoma sosholojia. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi nilijifunza kwa nini watu huishi pamoja, kisha nikaajiriwa na commune, yaani manispaa, ya Kenya hapa Lubumbashi kuwatafutia watu hao mahali pa kukaa. Nasema Kenya yetu hii ya karakana na makanisa, si ile nchi ya wakimbiaji. Animateur ni mtu wa kuamsha mtaa. Mtaa wetu ulikuwa ukiamka mapema kuliko mimi, kwa hiyo mara nyingi niliukuta tayari uko kazini.

Asubuhi wanawake walijifunza kushona pale foyer, jioni kwaya ilifanya mazoezi, na kati ya hayo vijana waligombania mpira. Lakini mtu akifa, yote yalisimama. Foyer iligeuka ghala la kilio: mabenchi, sufuria kubwa, na turubai ambalo sote tuliliita bâche. Kulikuwa na équipe ya kilio, watu wa kujitolea ambao hawakulipwa chochote ila ugali wetu wa bukari na majani ya sombe ya msibani. Ninyi siku hizi mna kundi la simu na fulana zenye picha ya marehemu. Sisi tulikuwa na Papa Ntumba.

Papa Ntumba alikuwa seremala wa kampuni ya madini na mkuu wa équipe. Kanuni yake ilikuwa moja: benchi kwanza, machozi baadaye. Katika kilio changu cha kwanza nilitaka kuonyesha elimu. Nikayapanga mabenchi katika duara, kama tulivyokuwa tukikaa kwenye semina, ili kila mtu ashiriki. Papa Ntumba alisimama akaangalia, mikono kiunoni.

"Animateur, hii ni kilio ao ni conférence?"

"Ni duara, Papa. Watu wanaonana."

"Banaonana, eh? Na mwenye kufiwa umemuwekea bantu nyuma ya mugongo. Na mwenye kuchelewa ataingilia wapi, juu ya dari?"

Akavuta benchi moja pembeni, duara likapasuka upande wa barabara. Kilio kina mlango, alinieleza, na mlango wake huangalia njia, ili hata mtu mliyegombana naye jana apate pa kupita bila kuomba ruhusa. Haya yashikeni. Turubai lifungwe likiinama upande usio na moto, la sivyo mvua itawazimia jiko. Mfiwa akae na ukuta mgongoni. Matawi ya miti, alama ya msiba, yawekwe mdomoni mwa barabara kabla ya sufuria kupanda jikoni. Na jambo la mwisho, ambalo kila mtu mjini alilijua hadi wanajeshi: kilio hakisimamishwi. Penye kizuizi ambapo hata padri aliombwa vitambulisho, watu wenye matawi na vilio walipita, na askari walivua kofia.

Baba yangu alitoka Mitwaba, ndani ya mkoa wetu, akiwa kijana, naye pia alikuja kufanya kazi kampuni. Yeye na Papa Ntumba walikuwa watani. Hawakusalimiana hata siku moja, walitukanana. Kila jioni Papa Ntumba alipita kwetu kunywa munkoyo wa mama, na kila jioni baba alimpokea langoni kwa maneno yaleyale.

"We mugeni, utarudia kwenu siku gani?"

"Nikimaliza kukuzika, mula panya. Nikienda mbele, batakutupa mu shimo sawa muhogo."

Kisha walikaa, wakanywa, na kulalamika juu ya magoti. Mimi nilikua na maneno hayo masikioni kama watoto wengine wanavyokua na kengele ya kanisa.

Halafu mambo yakaanguka. Sitawaeleza uchumi, mimi mwenyewe sikuuelewa, ingawa niliufanyia mtihani. Kampuni iliacha kulipa. Pesa iligeuka karatasi. Maduka yalivunjwa na watu niliowajua kwa majina, wengine wakiwa bado wamevaa nguo za kwaya. Nilidhani hapo ndipo nimefika mwisho wa kushangaa. Kumbe mshangao ni kama shimo la mgodi, chini yake kuna ngazi nyingine.

Ngazi hiyo ilikuwa neno. Siku moja neno la baba, mgeni, lilitoka langoni mwetu likaenda barabarani. Watu walilipiga kelele katika mikutano. Vijana walilichora kwa mkaa kwenye kuta za nyumba fulani. Wale ambao babu zao walitoka mkoa wa jirani waliambiwa warudi kwao. Papa Ntumba alizaliwa Lubumbashi. Baba yake aliletwa na kampuni, na huko alikoambiwa ni kwao hakuwahi kukuona hata kwenye picha. Wanasema mji wetu ulikuwa na afadhali kuliko miji mingine ya migodi. Labda. Mimi niliona ukuta wa nyumba ya Papa Ntumba, na mkaa ulikuwa mbichi.

Aliondoka asubuhi moja pamoja na mkewe na watoto, kwenda stesheni kungoja treni. Alipita kwetu kwanza, furushi begani. Baba alikuwa mgonjwa wakati huo, ameketi uani na blanketi miguuni. Akafungua kinywa kusema maneno yake ya kila siku, nikaona yamemkwama. Maneno yale hayakuwa yake tena.

Papa Ntumba alingoja. "Leo haunitukane?"

"Leo sina nguvu, Ntumba."

"Kamata nguvu. Nilisema nitakuzika. Sasa treni ikikuya haujakufa, tutafanya namna gani? Fanya haraka kidogo, bwana."

Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia. Mimi nilisimama pale na digrii yangu, sijui nishike bega la nani.

Juma lililofuata nilienda kufungua foyer, nikakuta hakuna cha kufungua. Mabenchi hayakuwepo. Sufuria, turubai, hata mlango wenyewe, ule mlango mpana wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, ulikuwa umetolewa taratibu, na bawaba zikaachwa zikining'inia. Nilisimama katikati ya chumba nikaita "Hodi!" Msinicheke. Mtu akishtuka husema neno lililo karibu.

Mtaani walisema ni Ntumba: seremala amebeba kazi yake. Nilikimbia kwa Mama Véro, mkuu wa kikundi cha wanawake. Nilimkuta akichambua sombe, uso wake umetulia kama ukuta wa parokia.

"Mama Véro, wameiba foyer!"

"Eh, Mungu iko, animateur."

"Hata mlango!"

"Mulango nayo? Bantu habana haya." Akaendelea na sombe yake.

Nilienda kutoa habari kwa mkuu wa commune, kama kazi yangu ilivyotaka. Alinisikiliza huku akitazama dirisha lake mwenyewe, ambalo nalo halikuwa na kioo.

Na ndipo baba akafa.

Alifia nyumbani, kulipopambazuka, mama akiwa amemshika mkono. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa benchi, nami nikaona aibu. Lakini ndivyo nilivyofundishwa. Baba aliyekaa katika vilio vyote vya mtaa angeliliwa na watu waliokaa mavumbini, na mtu aliyeahidi kumzika alikuwa stesheni, nyuma ya vizuizi vya vijana ambao wangempiga akirudi. Mama alisema jambo moja tu: "Ntumba ajue." Habari ya kifo haitumwi, inapelekwa kwa miguu na kusemwa kwa mdomo.

Mama Véro alifika na wanawake wake kabla sijafunga viatu. "Twende gare," alisema, kana kwamba njia ya stesheni anaijua.

Tulipita commune ya Kamalondo, wanawake wakiwa na matawi mikononi. Kwenye kila kizuizi walianza kulia, na kila kizuizi kilifunguka. Nilishangaa jinsi walivyojua mahali pa kuanza na mahali pa kunyamaza.

Stesheni nilikuta mji mwingine. Familia zilikuwa chini, kwenye mabehewa mabovu, kando ya reli, na sufuria zao, vitanda vyao, bibi zao. Majuma yalikuwa yanapita bila treni. Harufu sitaielezea. Katikati niliona turubai letu. Nililijua kwa kiraka nilichokishona vibaya mimi mwenyewe. Chini ya turubai la kilio kulikuwa na mwanamke ambaye alikuwa amejifungua, na wengine wakingoja zamu yao.

Kisha nikaona mabenchi. Sikuyatambua mara moja, kwa sababu hayakuwa mabenchi tena. Papa Ntumba alikuwa ameyakata. Watoto walikuwa wanakufa pale kwa kuharisha, na yeye alikuwa akiwatengenezea masanduku. Sanduku moja dogo lilikuwa limesimamishwa kwenye tofali, na juu ya kifuniko chake palikuwa pamechongwa jina la msichana wa kwaya. Kijana mmoja aliyempenda alilichonga kwenye benchi, nami nilimgombeza sana kwa kuharibu mali ya umma. Sasa jina hilo lilikuwa linakwenda kaburini na mtoto wa mtu mwingine. Nilikaa chini. Hakukuwa na benchi la kukalia.

"Ni ninyi," nilimwambia Mama Véro. "Ni ninyi mliobeba."

"Tulibeba mchana, kichwani, tukilia. Nani atasimamisha kilio? Na haikukuwa uongo, animateur. Kilio ilikuwa huku."

"Mbona hamkuniambia?"

"Weye?" Alinitazama kwa huruma. "Weye mukubwa akikuuliza, unajibuka."

Papa Ntumba alikuwa akifanya kazi juu ya mlango wa buluu, ameulaza juu ya mawe kama meza. Nilimwambia. Hakulia. Alipangusa randa kwa kidole, polepole, kisha akauliza, "Mu mwisho alibakia na urefu gani? Ugonjwa inafupizaka bantu."

Nilimwonyesha kwa mkono. Akaondoa vitu vyake juu ya mlango, akaanza kuupasua. Tulikaa tukimtazama. Kwa mlango ule na mbao za benchi la mwisho alitengeneza sanduku la mtu mzima, buluu juu na ubavuni. Alipomaliza alivua viatu, akaingia ndani, akalala kupima.

"Inamufaa," alisema. Hakuinuka. "Fungeni."

Mimi bado nilikuwa nikitafuta maana ya neno hilo, mkewe alipopiga kelele. "We baba! Na treni ikikuya?"

"Treni imekawia yote ile, itakawia na siku ya kilio."

"Na bakikukamata, bakikuua?"

"Niko tayari ndani."

Mnajua kwamba katika utani wa kwetu mtani anaweza kufanya lolote msibani. Huiba nyama jikoni, humwigiza marehemu, hushuka kaburini akakataa kutoka mpaka abembelezwe. Nilikuwa nimeliandikia jambo hilo kazi nzima ya chuo, nikasifiwa. Lakini nilipoona kifuniko kinashushwa juu ya mtu mzima anayepumua, nilisahau kila nilichoandika. Papa Ntumba alikuwa ameacha ufa wa hewa upande wa kichwa. Tukamwinua.

Vizuizi vya katikati ya mji vilifunguka kama mwanzo. Cha mwisho kilikuwa mdomoni mwa mtaa wetu, magurudumu na gogo, na vijana wake walikuwa vijana wa foyer. Aliyekuwa mbele ni mchezaji wetu wa mpira, Dédé. Mnamwita Papa Dédé siku hizi. Wakati ule hakuwa papa wa mtu.

Dédé aliangalia sanduku. Akapitisha kidole kwenye rangi.

"Hii si mulango ya foyer?"

Wanawake walinyamaza. Nilisikia, au nilidhani nasikia, mtu akimeza mate ndani ya sanduku.

"Ndo yenyewe," Mama Véro akamjibu. "Unajua mbao ingine mu hii muji? Ndani iko papa ya animateur, tunamutoa ku hospitali. Unataka kufungua, fungua, mutoto wangu. Lakini weye ndo utamufunga tena, na mikono yako."

Dédé hakumtazama Mama Véro. Alinigeukia mimi, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba mimi siwezi kudanganya. Hata katika karata nilishindwa kila mara.

"Animateur, ni kweli?"

"Ni baba yangu," nilisema, na sauti yangu ikavunjika mahali palepale ilipotakiwa kuvunjika, maana baba yangu alikuwa amekufa kweli.

Dédé alivua kofia. Wenzake walisukuma gogo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba: akamtoa mmoja wa wabebaji waliochoka, akaingiza bega lake chini ya sanduku.

"Iko muzito," aliniambia baada ya hatua chache.

"Alikuwa mtu mzito," nilijibu. Ndivyo Dédé alivyombeba Papa Ntumba mpaka uani kwetu.

Uani watu walikuwa wamekaa chini, juu ya mikeka na matofali. Hakuna aliyewapanga, lakini walikuwa wameacha wazi upande wa barabara. Tuliingia pale. Baba alikuwa amelazwa juu ya godoro, amefunikwa shuka nyeupe. Dédé aliiona shuka, akaona miguu chini yake, akageuka polepole kutazama sanduku lililokuwa begani mwake.

Tukalitua. Kifuniko kikainuka chenyewe, na Papa Ntumba akaketi, vumbi la mbao kwenye nywele.

Katekista aliyekuja kuombea maiti aliruka uzio bila hata kufanya ishara ya msalaba. Wanawake walipiga mayowe ambayo hayakuwa ya kilio. Dédé alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Papa Ntumba alitoka, akasogea mpaka kwenye godoro, akafunua uso wa baba.

"We mula panya," alimwambia. "Umeshindwa hata kungoja. Haya, niambie: nani anarudia kwao sasa?"

Uani mle walikuwemo watu waliopiga kelele mikutanoni, na mmoja aliyekuwa bado na mkaa chini ya kucha. Lilikuwa neno lao lile, na lilikuwa limerudi nyumbani kwake. Nilingoja mtu ainuke. Nilikuwa tayari kwa lolote, isipokuwa lile lililotokea: Mama Véro alicheka. Alicheka akijishika tumbo, kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na ua mzima ukamfuata.

"Sasa," alisema akijifuta kwa kitenge, "kilio imeanza."

Papa Ntumba alimlaza baba ndani ya mlango wa buluu, akagonga misumari mwenyewe, akashuka kaburini mwenyewe na kukataa kutoka mpaka mama alipombembeleza. Kisha akarudi stesheni, mchana, kwa miguu, katikati ya wanawake. Alipita kwenye kizuizi kile. Vijana walimwona, wakamtambua, na hakuna aliyesema neno. Na hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku zote, vijana wangu, kuliko foyer tupu, kuliko masanduku madogo, kuliko maiti kuketi: kwamba waliweza kunyamaza. Kwamba tangu mwanzo walikuwa wanaweza.

Haukupita muda treni ikaja. Papa Ntumba alirudi kwao, akiwa amemaliza kumzika baba, kama alivyosema kila jioni ya maisha yangu. Baadaye nilisikia kwamba huko nako waliwaita wageni, kwa sababu walizungumza Kiswahili.

Tulijenga upya mabenchi. Mlango kila mara ulikosa mbao, au fundi, au siku nzuri. Nadhani hatukuutafuta sana. Mnasema bila lango vifaa vitaibiwa. Inawezekana, viti vya plastiki ni vyepesi. Mkiamua kuliweka, sahihi yangu mtaipata, maana foyer sasa ni yenu.

Lakini mkirudi kwa Papa Dédé, msimwambie habari za usalama wa vifaa. Muulizeni ni bega gani alilobebea mlango ule. Atawaonyesha.